Vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili vinapokwama katika kauli ya kutendwa: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Mwongozo huu umetoka kwenye madaftari. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisahihisha Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari wanaokuja tuisheni jioni hapa Kigoma, pamoja na cha watu wazima: makarani, wafanyabiashara wa dagaa, na vijana wanaoandika barua za kuomba kazi katika mashirika yanayohudumia wakimbizi. Makosa mengi huja na kupita, lakini kuna kundi moja la makosa ambalo hurudi kila muhula bila kujali umri wa mwandishi, nalo ni la vitenzi vyenye maneno mawili au matatu vinapogeuzwa kuwa kauli ya kutendwa.

Wanafunzi wanavijua vitenzi hivyo kwa jina la “phrasal verbs”. Ni kama “put off”, kuahirisha. “Put out”, kuzima moto. “Look after”, kutunza. “Bring up”, kulea. “Call off”, kufuta jambo lililokuwa limepangwa. Neno la kwanza nitaliita kitenzi, na lile dogo linalolifuata nitaliita kijineno, kwa sababu wakati mwingine ni kihusishi na wakati mwingine ni kielezi, na kwa kazi tuliyonayo tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Kauli ya kutenda ni “The watchman put out the fire”, yaani mlinzi aliuzima moto. Kauli ya kutendwa ni “The fire was put out by the watchman”, yaani moto ulizimwa na mlinzi.

Kabla ya kusoma dalili yoyote, fanya ukaguzi mmoja ambao unatosha kuponya sehemu kubwa ya makosa haya. Irudishe sentensi yako kwenye kauli ya kutenda, uiandike juu ya mstari, kisha weka kidole kwenye kijineno. Kijineno kilichopo juu lazima kiwepo chini. Kama hukioni, nenda dalili ya kwanza. Kama unakiona lakini sentensi bado inakwaruza, endelea na zinazofuata.

Dalili ya kwanza: kijineno kimetoweka

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo nitakayokaa nayo muda mrefu.

Mwanafunzi mmoja aliandika hivi: “My sister was brought by our grandmother in Ujiji.” Alikusudia kusema kwamba dada yake alilelewa na bibi yao Ujiji. Alichoandika ni kwamba dada yake aliletwa na bibi. Katika Kiswahili, alilelewa na aliletwa ni vitenzi viwili ambavyo hakuna anayevichanganya. Katika Kiingereza kinachovitenganisha ni “up” peke yake, na “up” ndiyo iliyoachwa. Sentensi sahihi ni “My sister was brought up by our grandmother in Ujiji.”

Mwingine aliandika: “My uncle was operated last week.” Kinachoweza kuwa “operated” bila kijineno ni mashine inayoendeshwa. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji “was operated on”.

Mfano wa tatu ndio unaonitia wasiwasi zaidi: “The meeting was called by the chairman.” Hapa hakuna kosa la sarufi hata moja. Ni Kiingereza safi chenye maana kwamba mwenyekiti aliitisha mkutano, ilhali mwandishi alitaka kuwaambia watu kwamba mwenyekiti ameufuta, “called off”. Kosa linaloharibu sentensi hugunduliwa na msomaji yeyote, ila kosa linaloacha sentensi ikiwa nzima na maana ikiwa kinyume hupita mikononi mwa watu kumi, na siku ya mkutano watu wanakuja.

Sababu, kuanzia ile ninayoikuta mara nyingi zaidi, ni hizi. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi ameamini kuwa maana yote imo katika neno la kwanza na kijineno ni pambo, kwa hiyo anapoanza kushughulikia “was” na umbo la tatu la kitenzi, pambo linadondoka njiani. Ya pili ni kwamba kijineno kinabaki uchi. Katika “The nurse looked at the wound”, neno “at” limefuatwa na “the wound”. Katika kauli ya kutendwa “the wound” limekwenda mwanzo wa sentensi, na “at” halina tena cha kushika. Mswahili hawezi kuacha “katika” ikining’inia mwisho wa sentensi, na hisia yake njema ya lugha yake inamwambia aifute. Ya tatu ni mgongano wa maneno mawili madogo: “looked after by”, “looked at by”, “paid for by”. Anayeandika anadhani amekosea kupiga chapa, anachagua moja, na mara zote anayoibakiza ni “by”. Ya nne, ambayo ni adimu, ni kwamba aliwahi kuambiwa kuwa sentensi ya Kiingereza haipaswi kuishia na kihusishi. Kanuni hiyo haihusu sentensi hizi. “The wound was looked at” haina pengine pa kuipeleka “at” yake.

Matibabu mepesi ni ule ukaguzi wa kidole. Matibabu ya kina yanataka mwanafunzi aone kwamba jambo hili analijua tayari, kwa lugha yake mwenyewe, tangu utotoni.

Chukua kitenzi “funga”. Ukikitia kiambishi cha kutendua unapata “fungua”. Sasa kipeleke kwenye kauli ya kutendwa: mlango ulifunguliwa. Ile “u” ya kutendua imebaki palepale, kati ya mzizi na kiambishi cha kutendwa. Ukiiacha, unapata “mlango ulifungwa”, na aliyetakiwa kuingia atabaki nje. Hakuna mtoto wa Mwanga wala wa Mwandiga anayefanya kosa hilo. “Turned on” na “turned off” zinafanya kazi hiyohiyo: “The generator was turned on”, jenereta iliwashwa, “The generator was turned off”, ilizimwa, na “The generator was turned”, bila kijineno, ni kwamba mtu aliigeuza upande wa pili.

Mfano wa pili unafaa zaidi, kwa sababu unahusu maneno mawili yaliyotengana. Tunasema “dada amepiga shati pasi”. Tukiigeuza tunasema “shati limepigwa pasi na dada”. Fundi amepiga nyumba rangi, na nyumba imepigwa rangi na fundi. Jaribu kuondoa neno la pili: shati limepigwa na dada, nyumba imepigwa na fundi. Kila mtu darasani atacheka au atashangaa, kwa sababu maana ilikaa kwenye “pasi” na “rangi”, na neno “piga” lilikuwa limezibeba tu. Kisha tazama mahali zilipokaa: mara baada ya kitenzi na kabla ya “na”. Hapo ndipo kijineno cha Kiingereza kinapokaa, mara baada ya umbo la tatu na kabla ya “by”. Nimeona wanafunzi waliohangaika na orodha za vitenzi kwa mwaka mzima wakiacha kosa hili ndani ya juma moja baada ya kuandika ukurasa mmoja wa “kupigwa pasi”, “kupigwa rangi”, “kupigwa deki” sambamba na “put out by”, “looked after by”, “brought up by”. Huo ndio msingi wa mwongozo huu wote: kijineno ni kiungo cha kitenzi, na kitenzi kinapohamia kauli nyingine kinahama na viungo vyake.

Neno moja kuhusu matamshi, kwa wanaojiandaa kwa usaili. Kijineno kilichobaki mwishoni hakimezwi. Katika “She looked at the wound”, Waingereza hulitamka “at” kwa haraka hata likakaribia kupotea. Katika “The wound was looked at”, hulitamka likiwa kamili. Mwanafunzi aliyejifunza kwa kusikia redio pengine hakulisikia katika sentensi ya kwanza, na hilo ni chanzo kingine cha kuliacha katika ya pili.

Dalili ya pili: kijineno kipo, lakini kimekaa pabaya, au kimeandamana na “it” isiyo na kazi

Mifano ninayoikuta ni “The fire was put by the neighbours out” na “The meeting was put it off.”

Sababu ya kawaida ya kosa la kwanza ni kwamba katika kauli ya kutenda vitenzi vingi vya namna hii huruhusu kutenganishwa: unaweza kusema “They put out the fire” au “They put the fire out”. Mwanafunzi anadhani uhuru huo unaendelea kwenye kauli ya kutendwa na kuruhusu “by the neighbours” kuingia katikati. Hauendelei. Yambwa, yaani kinachotendwa (hapa “the fire”), ambayo ndiyo iliyokuwa ikitenganisha kitenzi na kijineno, imeshahamia mwanzo kuwa kiima, na hakuna kingine kinachoruhusiwa kuchukua nafasi yake: “The fire was put out by the neighbours.”

Sababu ya kosa la pili ni kwamba mwanafunzi alikariri “put it off” kama kipande kimoja, kwa kuwa alifundishwa kwa usahihi kwamba “put off it” ni makosa. Akiibeba kauli hiyo nzima, “it” inakuja nayo. Ukaguzi wake ni swali moja: “it” ni nani? Kama ni mkutano, na mkutano umeshatajwa mwanzoni, “it” haina mahali. Kiswahili kina sheria hiyohiyo: “waliuahirisha” ina “u” ya mkutano, lakini ukigeuza unasema “mkutano uliahirishwa”, wala husemi “uliuahirishwa”.

Dalili ya tatu: kila kitu kipo mahali pake, ila Kiingereza kinaikataa sentensi

“The bus was broken down near Uvinza.” “I was grown up in Ujiji.” “The plane was taken off at ten.” Kanuni za dalili mbili zilizotangulia zimefuatwa zote, na bado sentensi ni mbovu.

Sababu kuu ni kiambishi chetu cha “-ika”. Kiswahili kina kauli ya kutendeka inayosimama kati ya kutenda na kutendwa: basi liliharibika, kikombe kimevunjika, umeme umekatika. Hakuna mtenda anayetajwa wala anayefichwa. Kiingereza hakina kiambishi cha kauli hiyo, na mwanafunzi anapotafuta pa kuiweka huichagua kauli ya kutendwa kwa sababu inafanana kwa sura. Lakini mara nyingi kauli ya kutendeka inapokwenda Kiingereza huwa kauli ya kutenda ya kawaida: “The bus broke down.” Ndege ilipaa, “The plane took off.” Mafuta yamekwisha, “The fuel has run out.” Nilikulia Ujiji, “I grew up in Ujiji”, na kama unataka kusema ulilelewa, hapo ndipo unapotumia “I was brought up”.

Ukaguzi mwepesi ni kujiuliza kama Kiswahili cha sentensi yako kinaishia na “-ika” au na “-wa”. Jozi ninayoipenda kwa kazi hii ni ya umeme. Umeme umekatika: “The power has gone off.” Umeme umekatwa kwa sababu ya deni: “The power has been cut off.” Katika ya kwanza hujui wala huulizi nani alifanya, katika ya pili kuna fundi aliyekuja na ngazi.

Ukaguzi wa kina unahitajika pale maneno mawili yaleyale yanapobeba maana mbili, moja inayokubali kutendwa na nyingine isiyokubali. “Break down” ya gari kuharibika haitendwi, lakini “break down” ya kubomoa mlango inatendwa bila shida: “The door was broken down by the neighbours.” “Take off” ya ndege haitendwi, ila vifuniko vya sufuria vinaweza kuwa “taken off”. Kwa hiyo usikariri kwamba kitenzi fulani hakitendwi. Uliza maana unayoikusudia ina yambwa au haina.

Vipo pia vitenzi vyenye kinachofanana na yambwa lakini vinakataa hata hivyo. “She takes after her mother”, anafanana na mama yake, haigeuzwi. Sisi pia hatusemi “mama yake anafananwa na yeye”, na sababu ni ileile: mama hakutendwa lolote. Karibu na hao kuna vitenzi vya mwendo, ambavyo hutegemea kama maana ni ya miguu au ya fikra. “They went into the house” ni watu kuingia ndani ya nyumba, na “The house was gone into” haikubaliki masikioni mwa Mwingereza. “They went into the matter” ni watu kulichunguza jambo, na “The matter was gone into carefully” ni sentensi nzuri. Maana ikishaacha mahali halisi na kuwa kitendo kimoja kinachoweza kutafsiriwa kwa kitenzi kimoja cha Kiswahili, kwa kawaida mlango wa kutendwa unafunguka.

Ukifika hapa na bado huna hakika, acha kubahatisha. Fungua kamusi ya wanafunzi, usome mifano iliyo chini ya kitenzi hicho, na kama hakuna mfano hata mmoja wa kutendwa, andika sentensi yako kwa kauli ya kutenda. Hakuna anayelazimishwa kutumia kauli ya kutendwa isipokuwa swali la mtihani limemwelekeza hivyo.

Dalili ya nne: mtenda amegeuka kuwa mwenzake

“He was brought up with his grandmother.” Mwandishi alitaka “alilelewa na bibi yake”. Msomaji wa Kiingereza anasoma kwamba mtoto na bibi walilelewa pamoja, katika nyumba moja, kama ndugu.

Chanzo ni “na” yetu, ambayo inaunganisha, inafuatanisha, na inamtaja mtenda, kazi tatu kwa silabi moja. Kiingereza kimezigawa: “and”, “with”, “by”. Baada ya kitenzi cha kutendwa, mtenda huja na “by”. Kisha kuna “kwa”, inayotaja kifaa, na kifaa huchukua “with”: mti ulikatwa na wanakijiji kwa shoka, “The tree was cut down by the villagers with an axe.” Ukaguzi ni kuweka “na” na “kwa” chini ya sentensi na kuona kila moja imeangukia wapi. Na kama mtenda hana umuhimu, mwondoe kabisa. “The forms were filled in by people” haimwambii msomaji lolote ambalo “The forms were filled in” haijamwambia.

Dalili ya tano: umbo la tatu si lenyewe

“The rubbish was threw away.” “The goat was ran over by a lorry.” Hapa kijineno hakina hatia, kilichokosewa ni kitenzi, ambacho baada ya “was” au “been” kinataka umbo la tatu: “thrown away”, “run over”, “given out”, “taken down”, “torn up”, “blown down”. “Put” na “set” hazibadiliki kamwe, kwa hiyo “putted off” haipo. Kariri umbo la tatu pamoja na kijineno chake kwa sauti, na tatizo litakwisha.

Dalili ya sita: vijineno viwili vimebaki kimoja

Vitenzi vya maneno matatu hupoteza kiungo cha mwisho kwa urahisi kuliko vya maneno mawili, kwa sababu ile ya mgongano inaongezeka nguvu. “Look down on” ni kudharau. Kwenye kauli ya kutendwa unapata “They were looked down on by their neighbours”, maneno matatu madogo yakifuatana, na mwanafunzi mwangalifu anaona haiwezekani Kiingereza kiruhusu foleni kama hiyo. Kinairuhusu. “Do away with”, kukomesha: “The old rule was done away with.” “Put up with”, kuvumilia: “Such noise cannot be put up with.” “Look up to”, kumheshimu na kumtazamia mtu: “The old fisherman was looked up to by everyone at Kibirizi.” Hesabu viungo juu ya mstari, hesabu chini, na viwe sawa.

Jamaa wa karibu ni vifungu vyenye nomino ndani yake, kama “take care of”. Hivi vinakubali njia mbili. Unaweza kusema “The orphans were taken good care of”, ukikihesabu kifungu chote kuwa kitenzi, au “Good care was taken of the orphans”, ukiipandisha nomino yenyewe iwe kiima. Zote ni sahihi, na ya pili ina sauti ya maandishi rasmi zaidi.

Zoezi la kukagua dalili zote kwa pamoja

Mwanafunzi akishapita hatua hizo, ninampa historia ya meli yetu, kwa sababu maisha ya Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, yamejaa kutendwa kuliko hadithi yoyote ninayoijua. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Baada ya kuundwa ilifumuliwa, “it was taken apart”, na vipande vikafungwa kwenye makasha na kuletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kuletwa Kigoma kwa njia ya reli. Hapa iliunganishwa upya, “it was put together again”, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, meli ilizamishwa na watu wake wenyewe, lakini kwanza injini zilipakwa grisi: “The engines were covered with grease by the engineers.” Tazama sentensi hiyo kwa makini, kwa maana “with” na “by” zimekaa pamoja, kifaa na mtenda, kila moja na kazi yake. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua: “The ship was brought up from the lake bed.” Ni “brought up” ileile ya bibi wa Ujiji, ila safari hii maana yake ni kupandishwa kutoka chini ziwani, na mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini meli haikulelewa ameshaelewa. Mwaka 1927 ilirudishwa kazini kwa jina la Liemba: “It was put back into service.”

Ninamtaka aandike habari hiyo nzima kwa aya moja, bila kutazama, kisha apige mstari chini ya kila kijineno. Aliyeandika “it was put again” au “it was taken by the Germans” anarudi dalili ya kwanza.

Mahali pa kusimama na kumwita mtaalamu

Makosa ya daftarini hurekebishwa kwa kalamu nyekundu. Yapo maandishi ambayo hupaswi kuyarekebisha mwenyewe hata kama umesoma mwongozo huu mara tatu: mikataba, hati za kiapo, wosia, barua za hospitali zinazoeleza alichofanyiwa mgonjwa, na maelekezo ya dawa. Katika maandishi hayo kijineno kimoja kinahamisha fedha au kinabadilisha matibabu. Deni likiwa “written down”, kwa lugha ya kawaida limeandikwa, ingawa kwa wahasibu limepunguzwa thamani. Likiwa “written off” limefutwa. Ukikuta “written” peke yake kwenye hati ya deni, usiongeze kijineno unachodhani kilikusudiwa. Simama hapo.

Mzee mmoja anayeuza dagaa kwa magunia alinijia na mkataba wa ukurasa mmoja aliokuwa ameandikiwa na mnunuzi wa mbali. Alikuwa ameunakili upya kwa mkono wake ili uwe msafi, na ndani yake kulikuwa na mstari huu: “The bags will be sent by the buyer.” Nilimwomba anionyeshe ule wa kwanza. Ulisema: “The bags will be sent for by the buyer.”

“Mwalimu, hii ‘for’ niliiona haina kazi,” aliniambia. “Imefuatana na ‘by’, nikajua ni kosa la chapa, nikaifuta.”

“Mzee wangu, hiyo ndiyo iliyokuwa inasema mnunuzi atatuma watu wake waje kuyachukua magunia hapa. Ulivyoandika sasa, mnunuzi ndiye anayeyatuma magunia, na magunia unayo wewe.”

Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama nauli ya gari ingekuwa juu yake. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa mtu wa kumjibu. Maana ya neno ningeweza kumweleza. Nani analipa nini mkataba ukiwa na nakala mbili zinazopingana ni kazi ya mwanasheria, na ya mtafsiri anayeweza kuitia saini tafsiri yake. Nilimshauri apeleke nakala zote mbili bila kugusa hata herufi moja, pamoja na karatasi ya tatu ambayo aliiandika palepale mezani kwa Kiswahili, ikieleza walichokubaliana yeye na mnunuzi kabla Kiingereza hakijaingia: magunia yatafuatwa na mnunuzi, Kibirizi, kwa gari la mnunuzi.

Alipomaliza kuandika niliona kwamba katika “yatafuatwa na mnunuzi” hakuacha hata silabi moja.